Bunduki ya Maji na Kongoti wa Nyegezi

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, bidhaa ziliingia Mwanza kama kumbikumbi baada ya mvua. Vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kujuana na muuza duka, sasa vilitandazwa chini kwenye maturubai, ukipita ni kuruka. Sabuni za kila rangi, redio, saa zinazometameta, midoli inayofumba macho ukiilaza. Dorcas, binti wa Mzee Ndalahwa wa Mkolani, alikuwa ameuza katika duka la serikali tangu amalize shule, na siku duka lile lilipofungwa alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akayafuta, akapanga meza yake kwenye mtaa wa wachuuzi wa Makoroboi, akaanza kuuza vitu vya kuchezea watoto.

Ulimi wa biashara alikuwa nao. Kilichomwangusha ni mali yenyewe. Krismasi yake ya kwanza mezani aliuza magari madogo ya plastiki, mekundu, mazuri kweli kuyatazama. Kesho yake mama mmoja alirudi na mfuko, akaumwaga mezani mbele ya wateja: magurudumu huku, milango kule.

"Mwanangu amelia kuliko siku niliyomzaa," yule mama alisema. "Hiki ulichoniuzia ni gari au biskuti?"

Watu waliangua kicheko. Wachuuzi wenzake wakambatiza jina hapo hapo: Mama Siku Moja. Dorcas alicheka pamoja nao, maana ukinuna ndiyo wanazidi, lakini jina lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Akajiapiza kwamba hatauza tena kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe.

Basi Krismasi nyingine ilipokuwa inakaribia, Yahaya, mfanyabiashara wa jumla aliyekuwa akimkopesha mali, alimwita dukani kwake.

"Dada Dorcas, njoo huku nyuma uone maajabu."

Juu ya boksi palikuwa na kitu cha kijani na njano, kikubwa kiasi cha kukipakata kama mtoto mchanga. Mgongoni kilibeba tangi la maji, na chini ya mtutu kilikuwa na mpini wa pampu.

"Bunduki ya maji," alisema Yahaya. "Usifikirie zile za kubonyeza, zinazotema mate kama mzee asiye na meno. Hii unasukuma pampu kwanza, upepo unajaa ndani. Halafu, tazama!"

Alilenga uani, akafyatua. Mstari wa maji ulikata hewa, ukavuka ua wote, ukagonga mabati ya jirani kwa kishindo.

"Nani huyo?" sauti ya mwanamke ikafoka kutoka upande wa pili.

Yahaya alichutama nyuma ya magunia, na Dorcas akaziba mdomo kwa kiganja asicheke. Moyo ulikuwa unamdunda. Alishaiona meza yake imezungukwa na watoto. Lakini mara akayakumbuka yale magurudumu yaliyomwagwa mezani.

"Inadumu?" aliuliza.

Yahaya alikuna ndevu. "Nikuambie ukweli? Sijui. Mimi nauza maboksi, sichezi na kilichomo. Ila kuna mtu wa Shinyanga anazitaka zote, na nimemwambia asubiri mpaka Jumatatu."

Dorcas alilipenda jibu lile kwa sababu halikuwa na sukari. "Basi nipe hii moja nikaijaribu. Jumatatu asubuhi nakuletea jibu."

"Na ikivunjika?"

"Ikivunjika, kaka yangu, na wewe utakuwa umejua unauza nini."

Jumapili baada ya ibada, Dorcas alimpa bunduki ile binti yake Sabina, mwenye umri wa miaka tisa, acheze nayo uani. Mtoto hata hajaitia maji, Mzee Ndalahwa akatoka nyuma ya nyumba alikokuwa akisuka kamba ya kitanda.

Mzee huyu alikuwa mzimamoto wa mji kwa muda mrefu wa maisha yake. Moto wa maghala ya pamba aliuzima, moto wa masoko aliuzima. Kisha ikaja ile habari ya kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kujibu "ndiyo" na "hapana", na jioni hukaa akitazama barabara kana kwamba anasubiri kengele ilie.

"Lete hiyo," alisema.

Aliigeuza juu chini. Akachungulia mdomo wake, akausukuma mpini mara moja na kusikiliza, kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Mdomo mwembamba," alisema. "Maji yatakwenda mbali, ila hayatakuwa mengi. Mmeipimia wapi?"

"Bado, Baba. Nilitaka Sabina aijaribu hapa uani."

"Uani!" Mzee alimtazama binti yake kana kwamba amesema atapika ugali kwenye kikombe. "Chombo cha presha kinajaribiwa uani? Utajuaje kinafika wapi? Nisubirini."

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa buti zake nyeusi za kazini, zile alizokuwa amezisukumia chini ya kitanda siku alipoachishwa kazi. Dorcas alifunga mlango haraka, maana mzee alikwishatangulia njiani, bunduki ya njano na kijani begani, na Sabina akimkimbilia nyuma.

Waliteremka mpaka mwaloni Nyegezi, kwenye ufukwe wa wavuvi. Magugu maji yalikuwa yametanda ukingoni kama zulia, yenye maua ya zambarau, na mitumbwi kadhaa ilikuwa imepinduliwa mchangani ikisubiri kutiwa lami. Juu kidogo, wanawake walikuwa wameanika dagaa kwenye nyavu kuukuu, weupe wakimeremeta juani. Mwenye eneo kubwa kuliko wote alikuwa Paskazia, mama mnene mwenye sauti ya kuvusha ng'ambo ya ziwa.

"Shikamoo, mama," Sabina alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na hilo dude ni la nini? Mmekuja kumpiga nani?"

"Ni la kuchezea," Dorcas alijibu kwa aibu kidogo.

"Yule mzee na buti zake ndiye anakuja kucheza?"

"Nimekuja kupima," Mzee Ndalahwa alisema, akaendelea na safari yake.

Sabina alianza. Walichota maji kwa ndoo, kwa kuwa mzee alimkataza mtoto kuingiza miguu ziwani kwa kuogopa kichocho. Wakajaza tangi mpaka pomoni. Sabina alisukuma pampu; mwanzoni ilikuwa laini, baadaye ikawa nzito hata akalazimika kuegemeza kitako cha bunduki tumboni. Akafyatua. Maji yaliruka, yakaishia kwenye mtumbwi wa kwanza.

"Basi?" alisema Dorcas. Yahaya aliposhika yeye yalikwenda mbali zaidi.

Mzee alitikisa kichwa. "Mmejaza mno. Anayeyasukuma maji ni upepo. Ukijaza maji mpaka shingoni, upepo utakaa wapi?" Akamwaga sehemu ya maji, akasukuma pampu mpaka ikakaza, akampa mjukuu wake. "Haya. Inua mdomo juu kidogo."

Safari hii maji yaliupita mtumbwi wa kwanza, yakaupita wa pili, yakaenda kupiga ubavu wa mtumbwi wa tatu mpaka yakanyunyiza kama mvua. Sabina alipiga yowe la furaha, na wanawake wa dagaa wakageuka wote kutazama.

"Tena! Babu, tena!"

Wakapiga tena na tena. Walipiga ua moja la gugu maji likainama. Dorcas naye alishindwa kujizuia. Alipandisha mikono ya gauni lake la kanisani, akaishika, akasikia ile nguvu ikimtetemesha viganja. Alicheka peke yake. Kwa muda mrefu alikuwa hajacheza na kitu chochote.

"Sasa tuone mifupa yake," mzee alisema.

Hapo ndipo Dorcas aliposhikwa na hofu. Baba yake alipanda juu ya jiwe, akaiachia bunduki ianguke mchangani. Puu. Haikupatwa na kitu. Akaiokota, akapanda tena, akaigeukia miamba.

"Baba, hiyo ni ya mtu!"

"Mtoto ataiangusha mchangani tu? Mkolani kuna mchanga wapi? Mawe matupu."

Akaiachia. Dorcas alifumba macho. Alisikia mlio mkavu, kisha Sabina akisema, "Imemeguka sikio!" Alipofumbua, aliona kipembe cha pambo kimechomoka ubavuni mwa tangi, lakini tangi lenyewe lilikuwa zima. Wakalijaza. Halikuvuja hata tone. Dorcas alipiga makofi kama mtu aliyeona goli.

Kilichofuata kilikuwa uchafu. Sabina alichota maji katikati ya magugu, na mara mdomo ukaziba kwa vijizizi vyembamba kama nywele. Maji yakatoka kwa kudondoka. Mzee aliuzibua kwa mwiba. "Hilo ni kosa la mtumiaji," alisema. "Maji yachujwe kwa kitambaa, basi. Hata mpira wa gari la zimamoto ulitaka chujio."

Mwisho waliiacha juu ya jiwe la moto ikiwa na maji na presha yake, jua liitafune, nao wakakaa kivulini kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Kila mara mzee aliinuka kupapasa chini ya tangi kwa kidole, akarudi na kusema, "Kavu." Alikuwa anaongea. Alimsimulia Sabina jinsi walivyokuwa wakishika mpira wa maji watu wawili, na jinsi unavyoweza kumburuta mtu mzima kama mbuzi. Dorcas alimsikiliza bila kumkatiza, asije akaifukuza sauti ile.

Wakati huo wanawake wa dagaa nao walikuwa wamejitenga kivulini kula. Ndipo kongoti waliposhuka.

Walishuka kutoka juu ya miamba, ndege wakubwa, wenye vichwa vya upara na mifuko inayoning'inia shingoni, wakitembea kama mawakili kuelekea kwenye nyavu. Nyuma yao kunguru, na juu mwewe wakizunguka. Paskazia aliwaona wa kwanza, akatoka mbio akipunga khanga.

"Shaa! Shaa! Wezi nyie!"

Kongoti walisogea pembeni hatua kidogo, wakarudi. Khanga yake walishaizoea. Mawe walishayazoea. Mmoja alipiga domo lake refu katikati ya wavu, akainua kichwa na dagaa wa kujaza kiganja, akameza bila haraka.

Dorcas hakukumbuka baadaye aliwaza nini. Alijikuta ameshaikwapua bunduki pale jiweni, ina moto kama sufuria, na anakimbia bila viatu. Alisimama, akainua mdomo juu kidogo kama alivyofundishwa, akafyatua.

Maji yalimpata yule kongoti katikati ya upara. Ndege alisimama wima. Alimtazama Dorcas kwa mshangao wa mzee aliyetukanwa msibani. Akapigwa tena, safari hii machoni, akafungua mbawa zake na kuondoka, na wawili wengine wakamfuata.

"Wapige!" Paskazia alipiga kelele. "Wapige hao! Eeh, lakini unanilowanishia dagaa!"

"Dorcas!" Sauti ya Mzee Ndalahwa ilinguruma kutoka nyuma, sauti ambayo binti yake hakuwa ameisikia tangu utotoni. "Zunguka upande wa juu! Piga kuelekea ziwani, juu ya vichwa vyao, maji yavuke nyavu! Sabina, ndoo! Chuja kwa kitambaa!"

Dorcas alizunguka. Sasa maji yaliruka juu ya dagaa, yakawapiga ndege ubavuni na kuangukia magugu. Kunguru walitawanyika kwa matusi yao ya kikunguru. Tangi likaisha, Sabina alikuwa tayari na ndoo, maji yamechujwa kwa kilemba cha mama yake. Mzee alisukuma pampu, akamrudishia. Mwewe mmoja aliteremka kama jiwe, akakutana na maji hewani, akayumba, akapanda juu tena mikono mitupu.

"Lete hapa na mimi!" Paskazia hakusubiri kupewa. Aliinyakua, akaibana kwapani, akafyatua huku akicheka kwa sauti iliyowatoa wavuvi usingizini ndani ya vibanda vyao. "Mwaka mzima mnanila! Leo mtakunywa!"

Wanawake wengine wakajipanga nyuma yake kama watu wa bombani, kila mmoja akidai zamu. Kila aliyempata ndege alishangiliwa. Mpaka akabaki kongoti mmoja tu, dume kubwa, limesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, linakataa kuondoka.

"Huyo ni wangu," alisema Mzee Ndalahwa.

Alijaza mwenyewe. Akasukuma pampu. Ikakaza, akasukuma. Ikakataa, akasukuma bado, kwa mikono ile iliyobeba mipira ya maji maisha yake yote.

Kra!

Mpini ulibaki mkononi mwake.

Mzee aliutazama mpini, akaitazama bunduki, akamtazama binti yake kwa uso wa mtoto aliyevunja chungu cha bibi. Dorcas aliona katoni za Yahaya zikielekea Shinyanga.

"Babu," Sabina alinong'ona, "upepo bado umo ndani."

Mzee aliinua bunduki kwa mkono mmoja, akafyatua. Maji yalitoka kwa nguvu ambayo hawakuwa wameiona siku nzima, yakalipiga lile dume kifuani, likaanguka kutoka kwenye mtumbwi, likainuka likijikung'uta na kuruka zake kuelekea milimani.

Mwalo mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mzee Ndalahwa alianza kucheka, kwanza taratibu mabegani, kisha mwili mzima, mpaka akaketi mchangani na buti zake. Dorcas aliketi kando yake, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na hakujua machozi yale yalikuwa ya nini.

Walipotulia, mzee aliuchunguza mpini. "Umekatikia hapa shingoni. Pamefanywa pembamba. Lakini nimeusukuma ilhali umeshakataa. Mtoto hana nguvu hizo. Kijana mkubwa anazo."

"Kwa hiyo niuze, nisiuze?"

"Mimi ningeuza," alisema baba yake, "lakini ningesema."

"Auze!" Paskazia aliingilia. "Mimi nataka mbili. Meza yako iko wapi, mama?"

Jumatatu asubuhi Dorcas aliweka vipande viwili juu ya kaunta ya Yahaya. Yahaya alikunja uso.

"Ilivunjika."

"Ilivunjika," Dorcas alikubali, "mikononi mwa mzimamoto, baada ya kutupwa kwenye mawe, kuchomwa na jua, na kupigana vita na kongoti wa Nyegezi." Akamsimulia yote, na alipofika kwa lile dume kubwa Yahaya alikuwa ameegemea magunia akifuta machozi. "Nazichukua, kaka. Ila mpini una udhaifu, na nitawaambia wateja. Na atakayerudi na mbovu kabla ya mwaka mpya, wewe unanibadilishia."

Yahaya aliguna, akaguna tena. "Wengine wote wananiomba nipunguze bei. Wewe unaniomba kitu kigumu zaidi." Kisha akampa mkono. "Haya. Mtu wa Shinyanga atapata zitakazobaki."

Hazikubaki nyingi. Mzee Ndalahwa alisimama mezani Makoroboi na ndoo ya maji, buti miguuni, akalenga kopo lililotundikwa juu ya nguzo ya taa, na kila kopo lilipolia njia ilizibwa na watu. Aliwafanya wanunuzi wasukume pampu wenyewe mbele yake. "Unasikia imekataa? Hapo iache. Ukiilazimisha utabaki na mpini, niulizeni mimi." Wanawake wa dagaa walifika wa kwanza, wakiongozwa na Paskazia, na watoto wakawafuata na wazazi wao wakiwa wamewashika mikono. Chache zilirudi zimevunjika. Moja ilikanyagwa na baiskeli. Nyingine mipini ilikatika palepale shingoni, na kabla hata Yahaya hajaleta za kubadilisha, mzee alikuwa ameshachonga mipini mipya kwa mti wa mpera, ambayo watu walisema ni migumu kuliko ile ya awali iliyotoka Dubai.

Siku ya Krismasi, Mkolani hapakukalika. Ibada ilipokwisha tu, vita vililipuka kuanzia kisimani mpaka barabara kuu. Watoto walijificha nyuma ya mawe, watu wazima waliokuwa wamevaa vizuri walipita wameinua mikono wakiomba amani, na hawakuipata. Dorcas alikuwa mlangoni na sinia la pilau, gauni jipya mwilini, akisema, "Sabina, ukithubutu! Sabina!" alipohisi maji ya baridi yamempiga kisogoni kutoka upande asioutazamia.

Aligeuka. Sabina alikuwa mbele yake, mikono mitupu, akicheka. Kwenye kona ya nyumba buti mbili nyeusi zilikuwa zinatoweka mbio.

"Baba!" Dorcas alipiga ukelele. Aliweka sinia chini, akanyakua bunduki iliyoegemezwa ukutani, akapandisha gauni, akamfuata.